Siku ya Idi Niliyolia Kwenye Msiba Wangu

Jambo hili nikilikumbuka hata leo najifunika kanga usoni, nami niko peke yangu chumbani, na lau ningekuwa na uwezo ningewahamisha watu wote wa mtaa wetu wa Ngamiani wa miaka ile asibaki wa kulisimulia. Lakini kwa kuwa mmeshalisikia kwa wengine, tena vibaya (najua mmeambiwa nilitolewa kaburini, uongo mtupu, kaburi lenyewe lilikuwa limechimbwa nusu tu), afadhali mlisikie kwangu mwenyewe mcheke vizuri.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mkonge una bei na kila mwenye baiskeli anajiona bwana. Nimeolewa na Sefu hata mwaka haujatimia, tumepanga vyumba viwili na ukumbi, na mama yake, Bi Tatu, anakaa mtaa wa pili tu kutoka kwetu. Bi Tatu hakunitaka. Alitaka mwanawe amwoe binti wa kaka yake wa Pongwe, na alipomkosa binti wa Pongwe akaamua kwamba mimi wali wangu una mabonge, sauti yangu ni kubwa na hatua zangu ni za kiume, na hayo alikuwa akiyasema popote penye watu wawili. Nami nilikuwa nikitamani siku moja tu aniite mwanangu, kama alivyokuwa akiwaita hata wauza mchicha.

Sasa huyu Bi Tatu ndiye aliyekuwa mtunzaji wa vyombo vya mtaa, yale masufuria makubwa, masinia na majamvi yaliyonunuliwa kwa michango kwa ajili ya misiba. Vilikaa kwenye stoo yake chini ya kufuli, na havikutoka kwa harusi, wala maulidi, wala ngoma, vilitoka mtu akifa, basi. Siku moja kabla ya Idi alipokuwa akienda Pongwe kwa kaka yake kula sikukuu, akanipa ufunguo. Mimi! Akanishika mkono akasema, "Mwanahawa, likitokea la kutokea, fungua. Lisipotokea, usifungue." Nikauficha kifuani na usiku kucha nilikuwa nikiupapasa, maana kwa Bi Tatu kukupa ufunguo ule ni sawa na kukupa nusu ya nyumba.

Na Idi ile ilikuwa zamu yangu kuwaalika mashoga zangu na waume zao. Idi iliyopita alialika Rukia, ambaye mumewe ana duka, tukala pilau la mbuzi chini ya taa mbili za karabai, na alipokuwa akituaga alisema, "Idi ijayo kwa Mwanahawa, tutaona." Nikajibu kwa madaha kwamba kwangu ni chakula chepesi tu, watu wakae chini, waongee, wasijipambe. (Mtu akikwambia kwake ni chakula chepesi, mfuko wake ndio mwepesi.) Nikapanga wali wa nazi, nazi zenyewe za shambani kwa baba yangu, samaki wa kupaka, na mchicha, tena tule alasiri ili magharibi watu wawe wameshakwenda makwao nisichome mafuta ya taa. Kila kitu nilikuwa nimekipigia hesabu isipokuwa vyombo. Sufuria yangu kubwa ilikuwa ya kutosha watu wanne wenye adabu, na sahani tulikuwa nazo mbili, moja ya Sefu, na ya Sefu ina tundu.

Hapo ndipo kile kiufunguo kikaanza kunichoma kifuani.

"Mama akijua?" Sefu akauliza.

"Mama yuko Pongwe," nikamwambia. "Kesho asubuhi na mapema vinarudi vimesuguliwa vinang'aa. Atajuaje?"

Sefu ni mtu mzuri lakini moyo wake ni wa kuku, na anamwogopa mama yake kuliko bosi wake wa reli. Asubuhi ya Idi baada ya sala, watu wamejaa njiani na kanzu zao mpya, yeye anapita na sufuria kubwa la mtaa kichwani na masinia kwapani, kainamisha kichwa. Watu wakimwambia Idi mubaraka hajibu, anaongeza mwendo. Akarudi mara ya pili kuchukua majamvi, hivyo hivyo, macho chini. Akayatandika nje mbele ya nyumba, maana ndani watu wasingetosha, kisha akaenda kwa Mhindi wa pembeni kutafuta soda, na kwa woga wake alizunguka njia ya mbali ili asipite tena mlangoni kwa mama yake. Mimi nimo uani nakuna nazi, usoni nimepaka liwa ili nikinawa ning'ae, najiimbia zangu.

Haya mengine niliyajua baadaye. Vyombo vya msiba vimetoka, tena siku ya Idi. Vimekwenda nyumbani kwa Sefu. Vimebebwa na Sefu mwenyewe, hakutuma mtu, na hasemi na watu. Sasa nyumba ile wanakaa wawili, mmoja kaonekana njiani, mwingine tangu asubuhi hajaonekana hata dirishani. Jirani yangu Bi Hidaya alipofika hapo kwenye hesabu akashika kichwa akapiga ukelele, na watu hawakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Kijana akapanda baiskeli kwenda Pongwe kumwambia Bi Tatu, na wanaume wengine wakachukua majembe.

Samaki wameshaiva, naongeza tui, mara nasikia kilio. Si cha mbali, ni ukumbini kwangu! Nikatupa upawa nikakimbia, nikakuta wanawake wamejaa, wamejitanda, wanalia, na kwa kuwa kilio kimewekwa kwetu, na Sefu nimetoka kumwona mzima, nikajua mara moja kwamba Bi Tatu amefia Pongwe. Nikajifunika kanga, nikakaa palepale sakafuni katikati yao nikaangua kilio, na wallahi nililia kwa kweli, nililia kwa sababu amekufa hajawahi kuniita mwanangu, na nililia pia (nisiwafiche) kwa kuwa sufuria lake la msiba lilikuwa jikoni kwangu limejaa wali wa sherehe.

Pembeni yangu alikuwepo bibi mmoja mnene wa mtaa wa mbali, hatujuani. Akanikumbatia.

"Lia mwanangu, lia. Kifo cha ghafla kinauma."

"Na jana alikuwa mzima!" nikasema.

"Ndiyo dunia. Na ndio kwanza kaolewa juzi."

Bi Tatu aliolewa enzi za Mjerumani.

"Nani kaolewa juzi?"

"Si huyu marehemu, mke wa Sefu! Mwanahawa." Akanitazama vizuri. "Kwani wewe ulikuwa unamlilia nani?"

Laiti ningekaa nikafikiri. Lakini mimi, kama alivyosema Bi Tatu, sauti yangu ni kubwa. Nikasimama, kanga ikaanguka, uso mweupe kwa liwa na machozi yamechora mistari, nikapiga kelele, "Mwanahawa ni mimi!"

Jamani. Ukumbi ule una mlango mmoja wa mbele na mmoja wa uani, na wanawake wale walitaka kupita kote kwa pamoja. Bi Hidaya alinitazama, akataja jina la Mungu, akalala chini akazirai. Bibi mnene alitokea uani na mwili wake wote juu ya jiko, na samaki wangu wa kupaka wote walikwenda mchangani, hakubaki hata mmoja. Huku nje Sefu ndio anafika na kreti la soda begani, anakuta wanaume wamejaa kwenye majamvi, wakamnyanyukia wakamkumbatia mmoja mmoja, naye akalia nao, kreti bado begani, hajui anamlilia nani na anaogopa kuuliza. Na katikati ya hayo kina Rukia wakatokea kona ya mtaa na magauni yao ya sikukuu, wakapiga vigelegele. Mzee mmoja aliwafukuza na bakora mpaka barabara ya pili.

Nilikuwa nimeanza kuwaeleza watu, mmoja baada ya mmoja, wengine wakinigusa kwanza mkono kuhakikisha una joto, tulipolisikia lori la mkonge. Bi Tatu alishuka kabla halijasimama. Hakuangalia mtu, alikuja moja kwa moja mpaka kizingitini, akajitupa pale, na kilio alichokitoa sitakisahau.

"Mwanangu mie! Mwanangu Mwanahawa! Mtoto hakuwahi kunijibu hata siku moja, na maneno yote niliyomsema! Wali wake mtamu nikausema una mabonge, kwa wivu wangu tu! Mwanangu nisamehe!"

Mtaa mzima ulikuwa umesimama unasikia. Nami niko hatua chache tu, liwa bado usoni, natamani ardhi ipasuke, na wakati huohuo (Mungu anisamehe) natamani aendelee. Miezi yote ile nimelisubiri neno moja, na siku ya kulipata nimelipata mara tatu, tena nikiwa maiti. Nikashindwa kuvumilia nikasema, "Mama, shikamoo."

Akainua kichwa. Akaniangalia kuanzia juu mpaka miguuni. Akamwangalia Sefu na soda zake. Akaangalia majamvi, masinia, na lile sufuria lililoonekana kupitia mlango wa uani. Akajipangusa uso kwa pembe ya baibui, akasimama, akajikung'uta vumbi.

"Nani kafungua stoo yangu?"

Wote wakaniangalia mimi.

Nilitegemea kibao, sikukipata. Alichofanya ni kukaa kwenye kigoda katikati ya uwanja akatoa amri. Watu hawa wameacha sikukuu zao wamekuja kukulilia, akasema, basi utawalisha. Wanawake walikuwa wamekuja na mchele, nazi na sukari kama ilivyo desturi ya msibani, akaamuru vyote viingie jikoni, na Rukia, aliyekuwa amerudi na gauni lake la hariri, akafungwa kanga kiunoni akakabidhiwa mwiko. Tukapika tukapakua, watu wakala wali mtupu na mchicha kwenye majamvi mpaka barabarani, na wallahi sijawahi kualika watu wengi namna ile kwa gharama ndogo namna ile. Tulipokuwa tunapakua wakarudi wachimba kaburi kuuliza urefu wa marehemu. Sefu akawaonyesha mimi. Wakanipima kwa macho, wakanawa, wakala.

Ningekuwa na bahati yangeishia hapo. Lakini habari ya kufa inakwenda Muheza na Amboni, habari ya kufufuka haina mtu wa kuipeleka, na siku zote zilizobaki za Idi watu walikuwa wakishuka kwenye mabasi wamejitanda, wanalia tangu kona ya mtaa. Bi Tatu alikataza mtu mwingine asiwapokee. Ilibidi nisimame mlangoni mwenyewe niseme, "Karibuni ndani, shikamooni, marehemu ni mimi." Wengine walicheka. Shangazi mmoja wa Sefu alinilaumu kwamba nimempotezea nauli.

Siku ya mwisho tulisugua vile vyombo pamoja, mimi na yeye, uani kwake, kwa mchanga na makumbi ya nazi. Mwishowe, bila kuniangalia, akasema:

"Yale niliyoyasema pale mlangoni, nilijua umekufa."

"Najua, mama."

"Basi usiyazoee."

Sikuyazoea. Juma lile lile wali wangu ulirudi kuwa na mabonge, tena akanisema mbele ya watu, na mimi nikainama nikacheka ndani ya kanga, maana hakuna mtu Ngamiani aliyekuwa anamwamini tena. Na karamu bado nafanya kila Idi, nyinyi wenyewe mashahidi, lakini kwa sahani nilizonazo tu, zikipungua watu wanakula kwa zamu, na kabla sijawasha jiko natoka kwanza nje nakaa barazani asubuhi nzima, mtaa wote unione.