Joka Lisilosogea

Mwaka jana mpwa wangu alinitafutia kwenye kompyuta yake gemu la zamani la mapanga na majoka, lile lile tulilolicheza utotoni mtaani kwetu Keko, ila hili limetafsiriwa kwa Kiingereza. Letu lilikuwa la Kijapani, na kwa miaka mingi nilidhani tuliliona baya kwa sababu tulishindwa kulisoma. Kumbe wanakijiji wake walikuwa wakisema "Karibu kijijini kwetu," na "Leo hakuna mvua." Basi. Nilishusha pumzi. Hatukukosa kitu.

Gemu hilo alilileta shangazi kutoka Maskati kwa ajili ya kaka yangu. Kaka alivunjika paja alipoanguka kutoka juu ya lori, akishusha mbao za baba, aliyekuwa na karakana ya samani kando ya barabara. Mfupa uliunga, plasta ikatolewa, daktari akamwambia aanze kutembea kwa magongo. Alijaribu mara moja, akaanguka mbele ya mafundi wa baba. Tangu hapo hakutoka tena chumbani, isipokuwa kwa kushikwa mkono kwenda msalani.

"Jaribu hata mpaka mlangoni, mwanangu," mama alimbembeleza.

"Kesho, mama."

Shangazi alipokuja likizo na gemu hilo na mashine yake ya kuchezea, tuliiunganisha na televisheni tukaiweka miguuni pa kitanda. Boksi la gemu lilikuwa na picha ya shujaa kashika upanga wa moto, joka limemzunguka. Sie tuliungoja huo moto. Tulichopata ni kijitu kama punje ya mchele, kinatembea. Kinatoka kijiji hiki kinakwenda kile, kinasimama mbele ya watu, maandishi yanajaa kiooni, kinaendelea.

"Anasemaje huyu?" kaka aliniuliza.

"Anasema joka liko nyuma ya mlima."

Nilikuwa natunga tu, naye alijua.

Umeme ukikatika tulianza upya, maana gemu halikukumbuka chochote. Hata hivyo kaka aliendelea kubonyeza, kutwa nzima, uso hauna raha wala hasira. Nilimsikia mama akimwambia baba kwamba ile mashine itamzika mtoto mle ndani. Nikaanza kuogopa na mimi.

Asubuhi moja tukafika pangoni. Joka likatokea, limejaa kioo kizima. Kaka akakaa wima. Lakini lile joka halikusogea. Ilikuwa picha tu. Maandishi yakapita chini yake, kijitu chetu kikafa bila hata kuonekana kikipigana, tukarudishwa kijiji cha kwanza.

"Ndiyo hilo?" kaka aliuliza.

"Nadhani ndiyo hilo."

"Zima."

Nikazima. Kwenye karakana msumeno ulikuwa ukilia.

"Magongo yangu mliyaweka wapi?"

Niliyatoa haraka nyuma ya kabati, nikihofia atabadili nia. Akasimama, akayumba. Nilipotaka kumshika akasema, "Niache." Akapita mlango, akapita ukumbi, akatokea uani, mama alikokuwa akimenya muhogo. Mama alimwangalia, kisu kikasimama mkononi.

"Angalia hapo pana maji," akasema.

Kaka akayazunguka yale maji, akaenda mpaka karakanani. Mafundi wakampisha. Baba akamsogezea benchi, akampa kipande cha msasa. "Hebu nisugulie hii droo," akamwambia, akageukia kazi yake. Ila nilimwona akipima ubao ule ule mara ya pili, na ya tatu, bila kuukata.

Mchana ule mama alitupelekea chakula huko huko, tukala wote kwenye vumbi la mbao. Jioni shangazi, likizo yake ikiwa bado haijaisha, akaja kutusalimia, akauliza kama gemu lake linafaa. Mie na kaka tukaangaliana.

"Zuri sana, wifi yangu," mama akasema. "Mungu akubariki."