Holidi ya Karani Nicanor

Katika mashamba yote ya kahawa kati ya Ruiru na Thika, mwaka ule wa 1957, hapakuwa na mtu aliyependa karatasi kama Nicanor Barasa. Wengine walipenda pombe. Wengine walipenda nchi yao, wakafungwa kwa ajili hiyo. Nicanor alipenda karatasi, hasa ile aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe kisha mzungu akaitia sahihi.

Alikuwa ametoka Kimilili na darasa la sita kichwani na shati moja jeupe sandukuni. Kazi ya ukarani aliipata kwa urahisi mkubwa: karani wa kwanza, kijana Mkikuyu, alikuwa amepakiwa kwenye lori alfajiri moja pamoja na wenzake. Nicanor hakuuliza lori lilikwenda wapi. Alikuta kalamu ya mwenzake ingali na wino, akaendelea na mstari pale pale ulipokatikia.

Meneja wa shamba lile wafanyakazi walimwita Haraka, kwa sababu hilo ndilo neno la Kiswahili alilolijua vizuri. Nicanor hakumwita hivyo hata ndotoni. Kwake alikuwa Bwana Mkubwa. Bwana Mkubwa akikohoa, Nicanor alitafuta leso. Akicheka, Nicanor alicheka kwanza, kisha ndipo alipotafuta jambo lililochekesha.

Chini ya kiwanda cha kahawa palikuwa na mashimo mawili ya maji katika mwamba mweusi, yaliyochimbwa na Mungu peke yake. Shimo la juu lilijazwa na chemchemi, na maji yake yalikuwa maangavu hata ungeweza kuhesabu kokoto za chini. Kutoka hapo maji yalizama chini ya mwamba, yakapotea, kisha yakaibuka tena katika shimo la chini, mwendo wa hatua mia moja hivi. Shimo la juu lilikuwa la Haraka, mke wake na wageni wao wa Jumapili kutoka Nairobi. Shimo la chini lilikuwa la wafanyakazi, na la akina mama wa kile kijiji ambamo serikali iliwafungia Wakikuyu, kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, waliofunguliwa lango kwa saa mbili tu asubuhi wakateke maji huku wakilindwa kwa bunduki. Penye shimo la juu palisimama kibao: NI MARUFUKU. WAZUNGU TU. Herufi zilikuwa nzuri, zimenyooka. Nicanor alizichora kwa siku mbili.

Zamani maji machafu ya kiwandani, yale ya kumenyea na kuoshea kahawa, yalipita kwenye mtaro karibu na shimo la juu. Jumapili moja mgeni mmoja wa kike alishika pua. Kesho yake Nicanor akasimama mbele ya meza ya Haraka, visigino pamoja.

"Bwana Mkubwa, pale nyuma ya kiwanda kuna ufa katika mwamba. Tukiyamwaga humo, ardhi itayameza."

Ardhi ikayameza, kisha ikayatapika katika shimo la chini, na Nicanor alijua hivyo siku ile ile aliyotoa shauri. Haraka alimpa kofia yake ya zamani ya helmeti, yenye ukingo uliopasuka kidogo, na tangu siku hiyo Nicanor hakuonekana nje bila helmeti, hata akienda chooni.

Akina mama walipokuja kulalamika, aliyesema alikuwa Gathoni, mjane mwenye sauti nyembamba isiyonyamaza.

"Karani, watoto wetu wanaharisha. Maji yananuka kama pombe iliyolala."

"Chemsheni," alisema Nicanor bila kuinua kichwa.

"Kuni tunakatazwa kutoka kuzitafuta."

"Basi kunyweni asubuhi kabla hayajanuka."

Akaona amejibu kwa hekima sana. Hata hivyo, ili mambo yawe na taratibu, aliandika amri na kuibandika ukutani kiwandani: maji machafu yakusanywe tangini, na tangi lifunguliwe ufani kila Jumanne, saa nne kamili. Aliyelifungua alikuwa Kaleli, Mkamba mtaratibu wa maneno machache. Jumanne ya kwanza Kaleli alimsubiri karani aje atoe ruhusa. Nicanor alimfokea mbele ya kiwanda kizima. "Wewe huna macho? Imeandikwa! Kilichoandikwa hakimsubiri mtu!" Kaleli aliitikia "Ndiyo, karani," na hakusubiri tena.

Sasa ilipofika Desemba, shule zikafungwa. Mke wake Nekoye alitaka kwenda nyumbani Kimilili na watoto, Jentrix wa miaka kumi na mmoja na Wafula wa miaka saba. Kila mfanyakazi mwenye likizo alikwenda kwao.

"Mwaka huu hatuendi," alisema Nicanor. "Watu waliostaarabika, Mama Jentrix, hawaendi holidi kwa nyanya yao kulala na mbuzi. Wanachukua watoto wanawapeleka kuogelea."

"Kuogelea wapi?"

"Kwenye mashimo. Nimeomba ruhusa kwa barua. Jumanne."

"Shimo la juu?"

Nicanor alitazama pembeni. "La chini. Lakini maji ni yale yale."

Nekoye alicheka kicheko kifupi. Yeye alizaliwa kando ya mto Kuywa, na kabla hajavalishwa gauni alikuwa ameshauvuka mara elfu. Mume wake hakuwahi kuingiza majini kitu zaidi ya uso.

Jentrix ndiye aliyefurahi. Mtoto huyo alimwamini baba yake kama watu wanavyoamini kalenda. Baba ndiye aliyemfundisha kusoma, kila jioni, kidole chake kikifuata maneno. Na kama Nicanor Barasa alikuwa na kitu kimoja duniani ambacho hakukiombea ruhusa kwa mzungu, kilikuwa macho ya binti huyo yanapomtazama.

"Baba, maji yatakuwa safi kama ya watoto wa mzungu?"

"Safi kabisa. Neno langu."

Basi Jumanne wakatoka kwa mstari, Nicanor mbele na helmeti yake. Alikuwa amevaa kaptura iliyopigwa pasi na soksi ndefu. Mkononi alibeba daftari la shamba ambamo aliandika majina ya watu waliokiuka amri. Hakuwa na kazi nalo siku hiyo, lakini bila daftari alijiona uchi. Nekoye alibeba kikapu. Ndani mlikuwa na chai na mkate uliokatwa kingo zote, kwa maana Nicanor alikuwa amechungulia kikapu cha mke wa Haraka akaona wazungu hawali kingo.

"Kingo zina nini?" aliuliza Wafula, ambaye angezila pamoja na kikapu.

"Hazina adabu," alisema baba yake.

Saa tatu walifika shimo la chini. Akina mama walikuwa wakiondoka mbio na mitungi na madebe mgongoni, askari wao akiwaharakisha. Gathoni alipomwona Wafula anavua shati alisimama.

"Karani, leo ni Jumanne."

"Najua siku, mama. Kalenda ya shamba hili naiandika mimi."

"Nasema ni Jumanne. Watoto hawa..."

"Leo hakuna maji ya kahawa. Mimi niko holidi."

Gathoni alimtazama kutoka helmeti hadi soksi. "Ũũi," alisema polepole kwa Kikikuyu, kama mtu anayelia msiba, akausawazisha mzigo wake mgongoni akaenda.

Nicanor aliamini alichosema. Haikumpitia akilini kwamba tangi laweza kufunguliwa naye hayupo. Alidhani karani akipumzika, kahawa nayo inaacha kuchacha, na Kaleli anakaa juu ya jiwe na mikono magotini akingoja arudi. Akakunjua gunia kama watu wanavyokunjua zulia, akaketi, akamiminiwa chai.

Na kwa kweli ilikuwa saa nzuri. Nekoye alijifunga kanga, akaingia majini, akazama, akatokea ng'ambo akicheka. Wafula alishikilia shingo yake. Jentrix alijifunza kuelea kabla chai haijapoa. "Baba! Niangalie, Baba!" Nicanor aliangalia, akapiga makofi mawili mepesi, kama alivyomwona Haraka akipiga.

Saa nne ikapita kidogo.

Kwanza ilikuja harufu. Kisha kutoka chini ya mwamba maji yakavimba mekundu-hudhurungi, mazito, yenye povu na maganda yaliyooza, yakaenea chini ya watoto kabla hawajajua ni nini. Wafula alikuwa amefungua mdomo kucheka. Akameza. Akaanza kukohoa, kisha kutapika.

"Toka! Tokeni!" Nekoye alimshika mmoja kila mkono akawavuta mwambani. Utelezi wa kahawa uliwashika mwili mzima, nywele, masikio. Jentrix alijikuna akilia kwamba macho yanamchoma.

Nicanor alikuwa amesimama, kikombe mkononi. "Kaleli," alisema. "Huyu Kaleli nitamwandika."

"Kaleli amefanya nini?" aliuliza Nekoye. "Si imeandikwa?"

Hakumngoja ajibu. Alimbeba Wafula mgongoni, akamshika Jentrix mkono, akapanda njia ya juu. Nicanor alimfuata akitweta.

"Mama Jentrix! Huko hapana! Kuna kibao!"

"Nakijua. Nilikushikia kopo la rangi."

"Hebu ngoja niandike barua ya..."

"Maji ukiyavulia nguo, yaoge," alisema Nekoye, na bila kusimama alipita kibao, akaingia shimo la juu na watoto wake wawili. Akawaosha macho kwanza. Maji ya chemchemi yalikuwa baridi. Wafula alipiga kelele, na kelele hiyo ilikuwa ya mtoto mzima.

Hapo ndipo Kilonzo alipotokea vichakani na rungu lake. Kilonzo alikuwa askari wa shamba, mtu mzima mwenye meno machache, asiyejua kusoma wala kuandika. Amri, iliyotungwa na nani tena, ilisema kila anayeonekana shimo la juu jina lake liandikwe daftarini na lipelekwe kwa Bwana Mkubwa. Kilonzo alitazama majini, akatazama rangi ya maji iliyochuruzika miguuni mwa mtoto, akaelewa yote.

"Karani," alisema, "mimi leo macho yananisumbua. Sioni mbali."

"Kilonzo..."

"Naona nyani tu pale. Nyani si mtu wa kuandikwa. Wamalize kuoga waende. Mimi nakwenda kule kutazama uzio."

Mlango ulikuwa wazi, umefunguliwa na maskini asiyejua herufi moja. Mtu mwingine yeyote angeupita. Lakini wakati huo, juu kwenye barabara ya kiwandani, vumbi liliinuka na injini ikanguruma. Bwana Mkubwa! Atashuka. Atamkuta karani wake, na helmeti yake, kando ya mwanamke mweusi anayeoga chini ya kibao. Atauliza. Na daftari litakuwa tupu.

"Rudi hapa, Kilonzo. Simama kwa utaratibu," alisema. Sauti ilikuwa ya Haraka kabisa. Akafungua daftari, akalamba penseli, akaandika. Herufi zilitoka zimenyooka.

Injini ikakaribia, ikapita, ikapotea. Lilikuwa lori la kuni.

Kilonzo alitema mate kando, akavua kofia yake, sijui kwa sababu gani, kisha akaivaa akaenda.

Jentrix alikuwa ametoka majini. Alisimama nyuma ya baba yake akidondosha matone, macho bado mekundu. Alinyoosha shingo akasoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno, kama alivyofundishwa.

"Jumanne. Shimo la juu. Mwanamke mmoja na watoto wawili." Akasimama kwenye neno la mwisho, kwa kuwa lilikuwa refu. "Wa-si-o-ju-li-ka-na." Akalisoma tena, mara hii bila kulikata. "Wasiojulikana."

Nekoye alikuwa anakamua kanga. Alimvalisha Wafula shati, akachukua kikapu, akawagawia watoto mkate wakiwa njiani. Nicanor alibaki nyuma. Alifikiri kuichana karatasi ile, lakini kurasa za daftari zilikuwa na nambari; yeye ndiye aliyezitia ili mtu asichane.

Jumamosi alilipeleka daftari ofisini. Haraka alitia sahihi bila kusoma, huku akiongea na mbwa wake.

Lakini hayo ya Jumamosi ni madogo. Jioni ile ile ya Jumanne, Nicanor alikuwa ameketi nje ya nyumba, helmeti magotini, akisubiri kuitwa kula. Siku zote Jentrix ndiye aliyemwita. Alimsikia akija, nyayo zake nyepesi, akasimama mlangoni.

"Mama anasema chakula kiko tayari, Karani."

Nicanor aligeuka kutazama nyuma yake, kana kwamba mtu mwingine wa kazini alikuwa amekuja.