Nimemcheka mzee wa watu makaburini

Leo tumemzika babu hapa Goweko, na mimi nimecheka.

Kulia bado sijalia. Sihisi kitu.

Watani wa ukoo walishaanza vituko vyao vya kuchekesha msibani, mmoja kalala kaburini anagoma kutoka. Mara akasimama mzee wa Kiarabu kutoka Tabora mjini, akasema, "Marehemu huyu alinifungia duka."

Nikajua naye ni mtani. Nikacheka, na watu wakafuata.

Yeye akasubiri tunyamaze.

"Enzi za Ujamaa alikuwa mwenyekiti wa kijiji hiki. Alipewa amri ya kufunga maduka ya watu binafsi, akanifungia langu la hapa. Kesho yake akaniletea ufunguo wa duka la kijiji, niwe muuzaji. Wenzake wakamwambia, huyo Mwarabu. Akawajibu, ndiyo, na ndiye anayepima sukari bila kupunja. Niliuchukua ufunguo. Salamu yake sikuiitikia tena."

Shangazi akanifinya. Nikaenda kumshika mkono yule mzee.

"Shikamoo babu. Nisamehe, nilidhani utani."

"Marahaba. Leo nilikuja kumwamkia babu yako. Nikakuta turubai la msiba."

Akachota udongo, akautia kaburini taratibu.

Sasa nimekaa hapa jamvini. Nyie mngemwambia nini mzee huyo?