Aliyeonja Kwanza

Igalula tulikuwa na jogoo aliyewika treni ikikaribia. Si alfajiri, hapana. Alfajiri alilala kama sisi, ila reli ikianza kutetema anapanda kichuguu na kuwika mpaka shingo inatuna. Majirani walisema ana jini. Mjomba wangu alisema ana njaa tu, anajua abiria hutupa makombo. Mjomba huyo huyo ndiye aliyemchinja siku moja alipopata mgeni, na tangu hapo kijiji kizima tukawa tunaikosa treni.

Mama yangu kuikosa treni lilikuwa jambo zito, maana aliwauzia abiria mahindi ya kuchemsha dirishani. Akichemsha mapema yanapoa, akichelewa treni imekwenda. Ndipo akaanza kuitia sufuria ndani ya kapu kubwa, nyasi kavu chini na pembeni, blanketi kuukuu juu. Mahindi yakawa yanakaa na moto wake mpaka jioni. Siku moja alisahau humo maharage aliyoyachemsha kidogo tu. Kufunua, yameiva. Hakuna kuni iliyoongezwa.

Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa sababu ya kiti cha mwalimu na utomvu wa fenesi, hilo tuliache. Nikawa mpishi. Misiba ya Tabora mjini nimepika, ya Waislamu na ya Wakristo, na kambi ya wajenzi wa barabara ya Nzega nimeilisha. Kapu la mama nimetembea nalo kote huko.

Msibani ndiko alikonikuta dada mmoja, mkuu wa maktaba ya mjini. Aliliona kapu linafuka mvuke.

"Shikamoo babu. Hili halina moto ndani?"

"Marahaba. Halina."

"Yaani naweza kuliweka katikati ya vitabu?"

"Hata juu ya kitanda chako, mwanangu."

Akacheka. Akanieleza kwamba likizo vijana wanakuja maktaba, wanatazama keki kwenye simu wakimeza mate. Oveni hakuna mwenye nayo kwao, na moto ndani ya nyumba ya vitabu ni mwiko. Akataka nije kila Jumamosi niwafundishe kupika kwa kapu. Nikamvuta pembeni, nikamwambia ukweli ambao hata wakwe zangu hawaujui: nimeishia la nne. Akanishika mkono. "Babu, nani atakuuliza cheti? Wewe ni mwalimu."

Neno hilo! Nilirudi nyumbani nikawa nalitamka mwenyewe chumbani, mke wangu akauliza namwita nani.

Basi tukaanza. Vijana wanachambua na kutwanga barazani, tunachemsha kwenye jiko la mama ntilie nje ya uzio, halafu tunakimbia na sufuria ndani, "Pisha! Pisha!", mpaka kwenye kapu. Linafunikwa. Kwa muda wa saa mbili hakuna kufunua, na hizo saa mbili wanasoma. Hapo ndipo dada alipofurahi zaidi.

"Babu, kapu lako lina mganga," kijana mmoja alinitania.

"Mganga wake ni subira. Wewe huna, ndiyo maana ugali wako una mabuje ya unga mbichi."

Walicheka mpaka wasomaji wengine wakanung'unika. Na waliniita mwalimu, wote.

Jambo moja nilililazimisha. Kwetu aliyepika huonja kwanza, mbele ya wageni, ndipo wageni wale. Tunasema anatoa uchawi. Vijana wa mjini hawakulijua. Nikawaambia: anayeonja kwanza ndiye anayejibu, kikiwa kitamu ni chake, kikiwa na sumu ni chake. Dada naye alikuwepo, akasema hilo ni zuri sana, akaliandika.

Wakaja wageni kutoka ofisi ya mkoa kutazama mpango wetu. Dada aliniambia wiki nzima kabla, "Siku hiyo babu uko mbele, utaonja wewe." Nikautangazia mtaa mzima, siwafichi. Nikapigisha kanzu pasi. Tulipika michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, pamoja na karanga za kutwanga. Kapu likafunuliwa, harufu ikaingia mpaka kwenye magazeti. Nikajikohoza, nikanyoosha mkono kuchukua upawa.

Dada alikuwa ameshauchukua. Akachota, akapuliza, akaonja yeye.

"Kwa mila zetu," akawaambia wageni, "aliyepika ndiye huonja kwanza. Mbinu hii nimeibuni kwa ajili ya vijana wetu."

Wakapiga makofi. Vijana wakanitazama mimi. Binti mmoja aliyekuwa hodari wa kutwanga alinong'ona, "Mwalimu, mbona yeye?" Mgeni mmoja akalisikia neno hilo, akageuka. "Na huyu mzee ni mwalimu?"

"Hapana," dada akasema huku anacheka, "wanamtania. Babu yetu huyo, anatusaidia kubeba kapu."

"Ahsante kwa kazi, mzee wangu. Shikamoo," mgeni akaniambia.

Nikasema marahaba.

Wageni walipokuwa wanakula alinifuata karibu na mlango, akanishika mkono vile vile kama siku ile ya msiba. "Babu, usinikasirikie. Hawa wanaangalia vyeti. Ningewaambia mpishi ameishia la nne, wangetufungia. Si uliniambia mwenyewe?"

Ni kweli, nilimwambia mwenyewe. Hilo ndilo lililonichoma kuliko upawa. Nilimpa siri kama mtu anavyompa mwanawe, naye akaiweka mpaka siku ya kunipiga nayo.

Nikamwambia, "Chakula kitapoa, mwanangu, nenda kwa wageni." Akarudi. Nikavaa ndala zangu, nikatoka, kapu la mama nikaliacha palepale. Mama ntilie akaniuliza kama michembe imeiva vizuri, nikamjibu imeiva. Nikavuka barabara, nikaenda zangu. Maktaba ile sijakanyaga tena.