Walimwita Mwizi Hadi Kaburini

Mwanangu, ile siku tuliyomzika babu yangu Odongo hapa Uriri, miaka ya tisini, nikiikumbuka damu bado inanichemka. Nilikuwa kijana, hasira ziko puani.

Desturi yetu unaijua: mzee akifa, wanaume huwatoa ng'ombe wa ukoo, wakawaswaga kwa nyimbo na kelele kwenda kukifukuza kifo. Basi Mzee Ochola, mkubwa wa ukoo, akakataa katakata mbele ya jeneza. "Ng'ombe wangu hawatoki. Huyu alifungwa na Mzungu kwa wizi wa ng'ombe. Mwizi ni mwizi." Na wengine wakacheka, watu waliokula kwa babu! Nikashika rungu.

Dani, yaani nyanya yangu, akanivuta mkono. "Keti, mjukuu wangu. Niachie mimi." Akamgeukia Ochola.

"Odongo hakuiba hata ndama. Mimi naye tulikula kiapo katika chama cha siri kilichopigania uhuru, na tuliapa kutosema habari za mwenzetu akiwa hai. Leo amekufa, nasema. Aliswaga ng'ombe kutoka mnada wa Ogwedhi mpaka Tanganyika, na wachungaji wake walikuwa wenzetu waliotafutwa na serikali. Aliposhikwa, angesema ukweli, wenzetu wangenyongwa. Akasema, nimeiba. Mmoja wa wachungaji hao, Ochola, ni marehemu baba yako."

Lo! Ochola akainamisha kichwa. Kisha akaanza kuwapigia vijana kelele wakimbie kufungua boma.

"Waache ng'ombe wako!" Dani akafoka. "Miaka yote alipita mlangoni kwako ukamnyima hata salamu. Leo unamheshimu nani? Jeneza?"

Tukamzika bila ng'ombe hata mmoja, na Ochola amesimama pale kama mgeni.

Wanasema lisemwalo lipo. Uongo mtupu! La babu lilisemwa tangu ukoloni, na halikuwapo.

Basi sikia, mwanangu. Usimwite mtu mwizi kwa kuwa serikali imesema, wala kwa kuwa ukoo mzima umesema. Kamuulize mwenyewe angali anapumua. Asipokujibu, usimsukume, huenda amebeba uhai wa baba yako kifuani. Mwamkie, umpe kiti. Nawe Mungu akujalie umri mrefu, na siku yako ikifika, uzikwe na watu waliokuheshimu ukiwa hai.