Sauti Iliyonipigisha Magoti

Nyinyi chekeni tu, nimeshazoea, maana hata dukani mtaa wa Kista nikikutana na Wakenya wenzangu naona mtu anakunja goti kidogo kabla ya kunisalimia, najua aibu yangu imemfikia.

Nilikuwa kocha wa futiboli ya Kimarekani (ile ya kofia ngumu na mabega ya plastiki) katika chuo kidogo hapa Stockholm, chuo ambacho hata majirani hawajui kina timu. Siku ya mechi yenyewe rektor, yaani mkuu wa chuo, mama mpole anayetabasamu hata akikunyima kitu, alikuwa ameniambia wazi kwamba tukishindwa, timu inavunjwa na mimi kazi sina.

Msaidizi wangu ni Papa Elie, Mkongo wa Bukavu anayekaa Bredäng. Yeye hupanda juu ya jukwaa, anaona uwanja wote, ananiambia kwenye hedifoni mpira upelekwe wapi, tena kwa Kiswahili, ili wapinzani wakidukiza wasiambulie kitu (ujanja wangu huo, nilijisifu nao sana). Mapumzikoni akaniambia, "Kocha, betri inaisha, tubadilishe." Mimi na kichwa changu kigumu nikamjibu, "Achana nayo, itafika tu." Hapo ndipo nilipojiponza.

Kipindi cha pili ukungu ukashuka kutoka msituni, mzito, taa za uwanja zikawa madoa, kelele zote zikafa, nikawa naona migongo ya vijana wangu na mbele yao hakuna kitu. Hedifoni ikakwaruza. Kisha sauti ya chini, iliyokauka, kama mtu anayenong'ona ndani ya pipa: "Kushoto." Nikajiambia Elie kapata mafua. Nikapeleka mpira kushoto, njia nyeupe! "Kushoto tena." Tukapita tena. "Sasa kulia, polepole." Jamani, tulikuwa tunawapita watu tusiowaona, vijana wanashangilia, lakini mwili wangu ulianza kusisimka, kwa sababu nilipouliza, "Elie, unaonaje na ukungu huu?" sauti ilipumua tu.

Bado tulikuwa nyuma kwa pointi mbili, nafasi ya mwisho, hatua chache tufike mstari wao. Sauti ikasema, taratibu sana, "Pigeni magoti."

Sasa kwenye mchezo huu mwenye mpira akipiga goti, basi, mpira umekufa hapo hapo, na anayefanya hivyo ni anayeongoza, ili amalize muda, si sisi. Nilijua! Lakini sauti haikuwa imenidanganya hata mara moja, na niseme ukweli, niliogopa kuikatalia. Nikatoa ishara. Kijana akanitazama kama naumwa kichwa, akapiga goti. Na mimi pia (hili ndilo mnalopenda kulisimulia) nikajikuta nimepiga magoti kwenye matope mbele ya rektor, filimbi ikalia, mechi kwisha.

Mkono ukanigusa begani. Elie huyo, na betri mkononi. "Kocha, unafanya nini sasa? Miye nilishuka zamani, kule juu sioni kitu."

Haki ya Mungu nilipiga yowe. Nikaitupa hedifoni, nikaikimbia, nikaangukia meza ya wapinzani na chupa zao za kahawa, huku napayuka "Wewe ni nani?" mtu mzima mwenye watoto watatu.

Jumatatu Elie akanijia anacheka hana mbavu. Kwaya ya kanisa lao ilikuwa inafanya mazoezi ya kucheza katika ukumbi wa chuo, ng'ambo ya uwanja, na maiki yao isiyo na waya ilikuwa imeingiliana na hedifoni zetu. Mwalimu wao, Mama Furaha, ndiye aliyekuwa akiwaelekeza hatua, kushoto, kulia, na koo lilikuwa limemkauka. Nikacheka na mimi. Rektor hakucheka, alitabasamu, akaivunja timu. Vijana wakarudisha kofia mmoja mmoja bila kuniangalia, na hilo linaniuma mpaka leo.

Nikampigia Mama Furaha kumtania. "Mama, ungeyaacha yale magoti ningekuwa na kazi."

"Magoti gani, baba? Siye hatupigi magoti. Tunacheza wima mpaka mwisho, wamama wanaumwa miguu."

Nikakata simu. Nimeapa, mtu akiniambia pinda huku, hata awe mke wangu jikoni, kwanza nimwone mdomo ukitembea.