Suruali Zote za Kaka

Fundi hakulia. Mumewe alizikwa, watu wakatawanyika, naye akafungua kibanda chake cha kushonea, akatia cherehani mafuta, akapiga kazi. Majirani wakashika vichwa. Jamani, ndivyo alivyoumbwa: akiumia anatafuta cha kufanya, na ole wake atakayemgusa bega!

Wifi yake, dada wa marehemu, ni kinyume kabisa. Huyo alilia msibani, akalia sokoni, akamkumbatia na kumlilia hata msoma mita wa maji, masikini, aliyekuja kusoma mita tu. Leo akasimama mlangoni pa kibanda, macho mekundu.

"Wifi, sema kweli. Kaka yangu ulimpenda? Maana kama hukumpenda, basi, mimi hapa sirudi tena."

Fundi akaendelea kukata kitambaa. Hakuwa na mwingine ila wifi huyu, na alijua fika kwamba akiondoka hatamfuata. Kumfuata mtu hajui.

Mara akaingia muuza rangi wa duka la jirani, mfupi wa mviringo, wenyewe humwita Kipipa. Amefura, suruali mpya mkononi.

"Mama, hii umenishonea mimi au mlingoti? Kiuno kinagoma magotini, miguu inafagia barabara!"

"Vipimo nilichukua mwenyewe. Umenenepa."

"Na kufupika je?"

Wifi akamnyang'anya suruali, akaitandaza mezani. Miguu mirefu, kiuno chembamba, na ndani ya mfuko wa kulia kijifuko cha miwani. Akachomoa nyingine ukutani, ya mlinzi. Vilevile. Ya mwalimu, vilevile, na kijifuko chake.

"Wifi," akasema polepole, "hizi zote ni za kaka."

Fundi akatazama. Loo! Mkono wake ulikuwa ukimkatia marehemu siku zote hizo, mwenyewe hana habari. Akaketi sakafuni kwenye vipande vya vitambaa, akaangua kilio cha kamasi na kwikwi.

"Basi mama, basi," Kipipa akababaika. "Mimi nitakunja tu."

Wifi akamjia mbio, mikono wazi.

"Usinishike!" Fundi akafoka katikati ya kwikwi. Wifi akaganda. "Ila usiondoke."

Wifi akaketi sakafuni kando yake, akaikalia mikono yake yote miwili asije akajisahau.